Sentensi Moja Tuliyoiongeza kwenye Leseni ya Jamvi

Kaka yangu Shabani,

Ungekuwapo ungenikatiza kabla salamu hazijaisha, uniulize shida nini, kwa hiyo leo salamu naziruka. Shida ni karatasi. Wale watu wa kampuni wamerudi na karatasi nyingine, na safari hii wa kutia sahihi nimebaki peke yangu.

Niko uani, nimekalia kile kiti chako cha plastiki ulichokiunga mguu kwa waya. Karatasi yao iko mapajani. Kesho asubuhi Bwana Festo anakuja kuchukua jibu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, tena barua yenyewe niiache wazi, atakaye aisome, kwa kuwa tulichokitengeneza tuliwapa watu wote na kosa nililolifanya mimi limewafikia watu wote vilevile.

Lakini kwanza habari ya sufuria. Ulikuwa hukosi kuiingiza katika kila mazungumzo, hata tukizungumzia mvua, na mimi nilikuwa nakuambia imenichosha. Leo naisimulia mwenyewe, bila kuombwa.

Mama alikuwa mtunza sufuria za mtaa. Zilikuwa nne, kubwa, za shughuli, mtoto akiingia ndani haonekani. Nani alizinunua mwanzo hakuna aliyekumbuka. Zililala hapa uani zimefunikwa gunia, na sharti lake kila mwanamke wa mtaa wetu wa Kariakoo alilijua bila kuandikiwa: mwenye harusi au msiba aje achukue, hata kama jana mlitukanana, akitoboa, azibe, na chochote atakachokiongeza, kiwe kifuniko au upawa, kirudi pamoja na sufuria kiwe cha wote. Ndiyo maana zilikuwa zikirudi nzuri kuliko zilivyotoka.

Kisha biashara zikafunguliwa. Unakumbuka mji ulivyogeuka, mitumba ikamwagwa barabarani, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kila rangi, na kila mtu akawa na kitu cha kuuza. Jirani yetu Mama Rukia akaanza kuwapikia mafundi wa Gerezani pilau ya mchana. Akaja kwa mama kuomba sufuria mbili za kila siku. Wanawake wakakaa hapa hapa uani, wakajadili, wakakubali: sharti ni lile lile, isipokuwa Mama Rukia, yeye atumie kwa biashara, na vitu atakavyoviambatisha vibaki vyake. Hakuna aliyepinga. Alikuwa mtu mwema, na watoto wake tulicheza nao.

Alizipeleka sufuria kwa wachomeleaji, yale masikio ya zamani yaliyolegea yakakatwa, zikawekwa pete za chuma. Ndani ya pete zilipita fito mbili za chuma alizozichongesha maalumu, na fito zilikaa juu ya jiko lake refu. Kazi nzuri kweli. Wanawake wawili waliweza kuinua sufuria iliyokuwa ikitaka wanaume wanne. Mtaa mzima ulisifu, naye akazichukua na zile mbili nyingine akazitengeneza vivyo hivyo, kwa hiari yake. Kukiwa na shughuli alileta sufuria na fito zake, huku anacheka.

Halafu akahamia Mbagala. Sufuria akazirudisha kwa heshima, zimesuguliwa zinang'aa. Fito na jiko akaondoka navyo, kwa sababu vilikuwa vyake, na ndivyo ilivyokubaliwa.

Haukupita muda baba akafariki. Wageni wakaja kutoka Lindi, wali ukapikwa, na ulipofika wakati wa kuipua ndipo tulipogundua kwamba zile pete zimebana ubavuni mwa sufuria, mkono hauingii, kitambaa hakiingii. Wakapitisha vipande vya mbao. Kimoja kikaungua, kikavunjika, na wali wa msiba wetu ukamwagika mchangani mbele za watu. Ule wali wa moto ukakuunguza mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi kiganja. Ulikuwa na miaka kumi na sita, na hukulia, uliziangalia pete tu. Mama akasema polepole, "Sufuria zetu tunazo. Hatuna pa kuzishikia."

Basi, nimemaliza. Uliniudhi sana na habari hiyo ulipokuwa hai, na usidhani kufa kumekusafisha.

Wewe ukaenda kujifunza kwa Mzee Jayanti, yule fundi taipureta, ambaye taipureta zilipokosa wateja alianza kuzifungua kompyuta mbovu kwa bisibisi zile zile. Mimi nikawa muuguzi katika zahanati moja ya Buguruni. Siku moja ulinifuata kazini kuchukua ufunguo wa nyumba, ukanikuta nimepiga magoti mbele ya maboksi ya sabuni, natafuta kadi ya Mzee Mkwinda, yule muuza korosho wa Masasi. Sindano ya penisilini inamdhuru, na iliandikwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa imeliwa na panya. Ukaniuliza, "Mwana, hivi hapa mnatibu watu au mnatafuta makaratasi?"

Ndivyo Jamvi ilivyoanza. Mimi nilikueleza muuguzi anahitaji kuona nini mgonjwa anapokaa mbele yake, wewe ukaandika programu. Ilikuwa na sura mbaya, kijivu tupu, lakini ukiandika jina la mtu kadi yake inakuja. Uliiita Jamvi ili kila anayefika apate pa kukaa. Tuliigawa kwa disketi, zahanati kwa zahanati, na wewe ulikuwa ukienda mwenyewe kuiweka kwenye mashine zao na kunywa chai yao.

Kisha ukaniletea leseni. Ilikuwa ya kutoka ng'ambo, ukaitafsiri kwa mkono kwenye daftari la shule. Chukua, utumie utakavyo. Fungua uyaone maandishi ya ndani, yale ambayo fundi huyasoma ili ajue programu inafanyaje kazi. Badili. Mpe mwenzio. Ila ukimpa, mpe na maandishi hayo ya ndani, na uhuru ule ule uliopewa wewe, na ulichoongeza kitoke pamoja nayo. Nikakuambia, kaka, hii ni sufuria. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema ulikuwa unangoja nione mwenyewe.

Wanaodhani ulikuwa mtu wa kukataa kila kitu hawakukujua. Ile "isipokuwa" ya kwanza katika leseni uliiandika wewe. Uliandika kwamba kadi inayochapishwa na Jamvi ni mali ya mgonjwa, sharti la leseni haliigusi, aende nayo anakotaka. Nilikubishia. Nikasema kama sharti ni la kulinda uhuru, ukianza kulitoboa wewe mwenyewe utamzuia nani? Ukanijibu huku unafunga skrubu, bila hata kunitazama, "Kutoboa si dhambi. Uliza tundu linampitisha nani. Hili linampitisha mgonjwa."

Tena ukatulazimisha kila mgonjwa aondoke na kadi yake iliyochapishwa. Utepe wa printa ulikuwa unaisha kila mara, na mimi nilikuwa nanung'unika mbele za wagonjwa. Samahani kwa hilo nalo.

Kampuni ikaja. Sikumbuki kama uliwahi kumchukia Bwana Festo, mimi nilimpenda. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, anaamkia wazee. Walikuwa na kipande chao cha programu, kizuri, cha rangi, kinachotunza vipimo vya maabara na dawa na kutengeneza taarifa za mwezi zilizokuwa zikitumalizia wiki nzima. Walitaka kukiunganisha na Jamvi na kukipeleka mji mzima, pamoja na kompyuta zenyewe. Kikwazo kilikuwa leseni. Ukiunganisha kitu na Jamvi ukakitoa, leseni inakutaka utoe na maandishi yake ya ndani, nao walisema hiyo ndiyo siri ya kazi yao. Kwa hiyo waliomba sentensi moja tu: isipokuwa, inaruhusiwa kuiunganisha Jamvi na programu ambayo maandishi yake ya ndani hayatolewi.

Tulibishana karakanani kwako Gerezani, mafundi wa jirani wakigonga bodi za magari hata tukalazimika kupaza sauti. Ulisema Jamvi itabaki huru na kadi zitahamia kwao. Ulipendekeza wakubaliwe kwa sharti moja, kwamba kadi zenyewe zihifadhiwe mahali na kwa namna ambayo Jamvi peke yake inaweza kuzisoma. Bwana Festo alisema atalifikisha kwa wakubwa zake. Hakuleta jibu, na mimi sikumuuliza. Pale ndipo nilipopaswa kusimama, na sikusimama, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kompyuta mpya kwenye meza za zahanati zisizo na hata kabati la kadi.

Na nilikuambia neno. Nilikuambia, "Wewe unaupenda uhuru kuliko wagonjwa." Ulirudi kwenye mashine yako ukaendelea na kazi, na mimi nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Figo zako zikaanza kusumbua mvua zilipoanza. Ulilazwa. Karatasi ilihitaji sahihi zetu wote wawili, yangu ilikuwapo tayari, na kampuni ilikuwa inapiga simu zahanati kila siku. Nikaileta wodini kwenye mkoba, pamoja na uji. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba niliitoa baada ya wewe kula, lakini niliitoa kabla.

Uliniuliza kama nimeisoma yote. Nikasema nimeisoma, ni sentensi moja.

"Hata ya sufuria za mama ilikuwa moja," ukasema.

Nilingoja uendelee. Ningependa sana ungenigombeza, mbele ya wodi nzima, nione haya niirudishe mkobani. Badala yake uliomba kifungu kimoja kiongezwe chini kwa kalamu, kwamba anayepokea Jamvi anaweza kuiondoa sentensi hii katika nakala yake. Niliandika. Kisha ukaniambia nikushikie karatasi, mkono hauna nguvu. Nikaishika juu ya ule uji, nawe ukasaini kwa mkono ule wenye kovu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa umechoka au ulikuwa unanipenda, na vyote viwili vinaniumiza.

Nisiseme uongo, mambo yalikuwa mazuri. Kompyuta zilikuja. Zahanati ambazo wewe na disketi zako msingezifikia mpaka kiama zilipata Jamvi yenye rangi. Taarifa za mwezi zikatoka kwa kubonyeza. Watu walinisifu nami nikazipokea sifa. Ulipotoka hospitali ulikuwa unakuja Buguruni kila wiki kupimwa presha na kuchomwa sindano, na hukuwahi hata mara moja kuniambia neno juu ya ile karatasi.

Nilianza kuona vitu vidogo. Ukurasa wa kadi wa Jamvi wenyewe hakuna aliyeufungua tena, kila kitu kiliandikwa kwenye kipande cha kampuni. Kadi za wagonjwa hazikuchapishwa tena; kile kipande kilichapisha taarifa za wakubwa tu. Mgonjwa mmoja akaniuliza kadi yake ya karatasi iko wapi siku hizi, nikamjibu mambo ya karatasi yamepitwa na wakati. Nilimjibu hivyo, kaka, mimi.

Sista Tekla ndiye aliyekuwa akikuhudumia. Siku moja nilipita mlangoni nikawakuta mnacheka. Ulikuwa unamwandikisha kitu kwenye kadi yako, pale penye sehemu ya maelezo ya mgonjwa. Nikauliza mnaandika nini. Ukasema, "Utasoma mwenyewe ukipata nafasi." Nafasi nilikuwa nayo kila siku. Nilikuwa nakaa mbele ya mashine ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ulipofariki sikuweza kuifungua kadi yako. Arobaini ikapita, mwaka ukapita. Nilijiambia ipo, haiendi popote, nitaisoma siku moyo ukitulia. Kuna watu huweka shati la marehemu kabatini bila kulifua. Mimi niliweka kadi.

Mwaka huu ile kampuni ikanunuliwa na wengine. Kumbe kile kipande chao huwa kinafunguliwa upya kila mwaka kwa namba za siri, na wenye kampuni wapya hawakuzituma. Jumatatu moja tukawasha mashine asubuhi, benchi la wagonjwa limejaa, Jamvi ikafunguka kama kawaida, nikaandika jina la mgonjwa wa kwanza, pakatokea ukurasa mtupu. Nikaandika la pili. Nikaandika majina ya watu niliokuwa nawaona wamekaa mbele yangu, na mashine ikaniambia hawapo.

Nilimwita Idi, yule mwanafunzi wako wa Gerezani ambaye sasa ana karakana yake. Aliifungua Jamvi ndani, akaisoma mstari kwa mstari, mpaka vijineno vyako ulivyoviacha pembeni vya kumtania atakayesoma. Akafika pale Jamvi inapokikabidhi kile kipande kadi, akasimama. Alijaribu siku tatu. Akaniambia, "Dada, nyumba yetu naiona yote. Vyombo viko kwa jirani, na jirani kafunga."

Wiki ya pili Mzee Mkwinda alikuja na kifua. Mimi nilikuwa nje, nawalilia wale wa kampuni kwenye simu. Muuguzi mpya alimuuliza maswali vizuri tu, ila mzee siku hizi husahau, na kadi haikuwapo ya kumsemea. Akachomwa penisilini. Uso ulivimba mpaka macho yakapotea. Tulimwahi kwa bahati, alipona, na alipoweza kuzungumza alituomba radhi kwa usumbufu. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Kuna zahanati ndogo karibu na Feri ambayo haikuwahi kukichukua kile kipande. Sista wao mkuu alisema macho yake hayapatani na rangi nyingi. Wamebaki na Jamvi yako ya kijivu, wameirekebisha hapa na pale wenyewe, na kadi zao zote zinafunguka. Nilikwenda kuona. Nilikaa nyuma ya yule sista nikamwangalia anavyoandika majina na watu wanakuja, na sikuweza kumaliza soda aliyonipa.

Tukatangaza msikitini, kanisani na sokoni: mwenye kadi iliyochapishwa ailete. Walikuja. Walikuja nazo kwenye mifuko ya plastiki, kwenye misahafu, zimefungwa kwenye pindo za kanga. Bibi mmoja alikuwa ameibandika ukutani kwa jinsi jina lake lilivyoandikwa vizuri. Kwa ile "isipokuwa" yako, zilikuwa mali yao, na hakuna kampuni iliyoweza kuwanyang'anya. Tumeziandika upya zote kwenye Jamvi, na ya Mzee Mkwinda imo. Lakini zinafika mpaka mwezi ule nilipokushikia karatasi. Baada ya hapo hakuna mtu mwenye kitu mkononi.

Watu wananiuliza, hasa hawa vijana wa kompyuta wanaokuja siku hizi kuuliza habari zako, kama hizi "isipokuwa" zinaua uhuru wa programu. Wanataka niseme ndiyo au hapana. Nawaambia ya kaka yangu haikuua. Yangu iliua, na iliua bila kufuta hata neno moja la leseni. Maneno yote yangalipo, ukisoma utasema hakuna kilichoharibika. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilikuwa nalinda karatasi, na watu walikuwa wanahama.

Sasa hii ya leo. Bwana Festo amekuja mwenyewe, amenenepa kidogo, anatumikia wenye kampuni wapya. Bado mpole. Anasema wako tayari kuzifungua kadi zote kwa siku moja. Kwa kuwa hukuacha mke wala mtoto na haki yako uliniandikia mimi, wanataka nisaini "isipokuwa" nyingine, ya tatu sasa: waruhusiwe kuitoa Jamvi yenyewe, wakiwa wameibadili watakavyo, bila maandishi yake ya ndani.

"Dada, nakala zenu za zamani hatuzigusi," akaniambia. "Zitabaki huru kama zilivyo."

Namwamini, kabisa. Hata Mama Rukia hakuwa mwizi. Ila nimeshaona yanavyokwenda. Ile nzuri itaondoka na watu, na yetu itabaki uani, safi, inang'aa, haishikiki. Mwaka wowote watakaoamua kufunga, zahanati ya Feri nayo itakuwa imeshahamia kwao.

Bwana Festo alijua mahali pa kunibana, au pengine alisema kwa wema tu. Alisema nikisaini, kadi ya kwanza kufunguliwa itakuwa yako.

Nilimpigia simu Sista Tekla, siku hizi yuko Songea. Nikamuuliza kama anakumbuka ulimwandikisha nini. Alifikiri sana, masikini, alitaka kunisaidia. Akasema maneno yenyewe yamemtoka, yalikuwa marefu kidogo, ulimchekesha. Anachokumbuka ni kwamba yalianza kwa jina langu.

Juzi niliiondoa ile sentensi katika nakala yangu. Kile kifungu ulichokidai wodini ndicho kilichoniruhusu. Nilidhani nitajisikia kitu. Nilibonyeza, ikatoka, basi. Waliokwisha kuipokea nayo bado wanayo, na ruhusa niliyokwisha kuitoa hairudi. Nakala isiyo na sentensi nimempelekea sista wa Feri kwenye disketi, akaniuliza nini kimebadilika, nikamwambia hakuna utakachokiona.

Nimejaribu na sufuria. Nilimpelekea mchomeleaji moja, azitoe pete aturudishie masikio ya zamani. Aliigeuza juani, akaigonga kwa kidole, akasema ubavu umekuwa mwembamba pale penye pete, akichomelea tena utatoboka. Nimeirudisha uani. Inakinga maji ya mvua.

Nilikwenda kwa Mzee Mkwinda kumweleza ninachofikiria, kwa sababu yeye alikaribia kufa kwa kosa langu. Alinisikiliza huku anachambua korosho. Akasema, "Mwanangu, kama ni mimi, mwili wangu niulize mwenyewe kila nikija. Andika upya." Lakini si wote watakaoweza kuulizwa. Wapo watoto, wapo waliosahau, na wapo ambao kukataa kwangu kutawaumiza nikiwa nawajua kwa majina. Sina hakika, kaka. Wewe ulikuwa na hakika au ulikuwa unajifanya?

Kesho nitamrudishia Bwana Festo karatasi yake bila sahihi. Asubuhi hiyo hiyo tutaendelea kuwaandika watu upya, mmoja mmoja, na kila mmoja ataondoka na kadi yake mkononi. Utepe wa printa nimeshaununua.

Na yale uliyomwandikisha Tekla yatabaki humo yalimo. Uliniita kwa jina, nami nimeitika kwa barua hii, lakini ulichoniitia sitakisikia. Nisamehe kwa karatasi ya kwanza, kaka. Kwa hii ya pili nisamehe zaidi.

Mdogo wako Mwana,
niliyekushikia karatasi.